Shamba Linalopumzika

Ayikoru mwanangu,

Umeondoka hapa saa nane kwenda Mafubira kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako na mdomo wake, hutarudi kabla jua halijazama. Kwa hiyo nimefunga kazi mapema, samaki wangu nimemwachia jirani yangu Rehema aniuzie, na nimekaa juu ya sanduku lako, maana ndicho kiti pekee ambacho hujakirundikia nguo. Haya ninayoyaandika ningeweza kuyasema kwa mdomo. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikianza unaniambia, "Mama usijali, mimi nimesoma," kisha unaniuliza pasi iko wapi. Karatasi huwezi kuikatiza, ndiyo maana nimeinunua.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala wanaume wa Mbale unakokwenda kuanza kazi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utajifunza kama mimi nilivyojifunza, kwa kuumia kidogo. Nataka tuzungumze juu ya shamba la mjomba wako Mafabi. Jumatatu utapanda mlimani pamoja na watu wa kamba, wale wapimaji wanaokwenda kupima upya mpaka wa hifadhi, na kaka yangu anakungoja pale na swali ambalo mimi mwenyewe nimeshindwa kulijibu.

Kwanza niseme juu ya yale mabango, la sivyo sitaweza kuendelea.

Nilikuwa nakukunjia nguo nikayakuta chini ya koti lako jipya la mvua. Mabango mazuri, rangi zake hazijapata kuonekana mlimani kwetu. Mkulima anacheka, meno yote nje, ng'ombe wake amenenepa, nyuma mlima ni kijani kibichi, na chini kumeandikwa kwa herufi kubwa: PUMZISHA ARDHI YAKO. Nililishika moja mkononi nikasikia hasira inanipanda mpaka masikioni. Si kwako, mwanangu. Au tuseme, si kwako peke yako. Unakwenda kuwafundisha watu wa kwetu kupumzisha ardhi. Ni kama mtu aende Masese awafundishe wavuvi kwamba samaki huishi majini, tena baada ya kuwanyang'anya nyavu.

Wewe umezaliwa katika nyumba za askari magereza na umekulia hapa Jinja. Shamba kwako ni kitu cha kutazama dirishani mwa basi. Likizo nilizokupeleka kwa bibi yako ulikula malewa, yale machipukizi ya mianzi, na karanga, ukalalamika baridi, ukaomba kurudi. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekulea hivyo. Lakini nikueleze jambo ambalo nina hakika chuoni walikueleza kinyumenyume.

Babu yako alikuwa na vipande vitatu vya ardhi, kimoja juu karibu na mianzi, kimoja katikati, na kimoja cha mteremko mkali juu ya nyumba za ukoo wa pili. Alilima kimoja tu. Viwili vilikuwa vimelala. Kilicholala hakikuguswa, mbuzi hakufungwa humo, na sisi wasichana tuliingia kuokota kuni zilizoanguka zenyewe, basi. Vichaka viliota, halafu miti, majani yakaanguka yakaoza. Misimu mingi ikipita babu yako aliingia, akachota udongo, akaunusa kama mtu anayenusa tumbaku. Akiridhika tulifyeka, tukapanda viazi na maharage, na kile kilichochoka nacho kikaenda kulala. Mtu aliyelima kipande kimoja mwaka hadi mwaka bila kukipumzisha alisemwa vibaya kwenye pombe. Walisema hana subira, na mwenye binti alifikiri mara mbili kabla ya kupokea ng'ombe wake.

Kwa hiyo shamba lililolala muda mrefu, lenye miti mirefu, ndilo lililokuwa fahari ya mwanamume. Hapa mjini watu huringia makochi. Kwetu mtu aliringia kichaka chake.

Sasa sikiliza tulivyojimaliza kwa fahari hiyo.

Mwaka ule mlima ulipotangazwa kuwa hifadhi, mimi nilikuwa nimekwenda nyumbani kwenye matanga ya shangazi yangu. Wapimaji wakafika siku hizo hizo, na kamba zao, na kopo la rangi nyekundu, na askari wawili wenye bunduki. Walisema Kiswahili. Unajua Kiswahili na bunduki vikifika pamoja watu wa kwetu wanakumbuka nini: askari wa miaka ya vita, waliopora na kuua kwa lugha hiyo. Wanaume waliingia migombani na watoto wakapotea kama vifaranga. Nikabaki mimi uwanjani, mke wa askari magereza, niliyelishwa Kiswahili cha amri asubuhi na jioni na baba yako. Nikajiona mtu mkubwa. Nikamwita Mafabi atoke mafichoni, nikawaambia wale mabwana waniulize mimi.

Mkubwa wao akasema, "Mama, nyinyi watu ya hapa namaliza msitu. Ripoti nasema hivyo."

Nikamwambia, "Hapana, bwana. Waongo hao. Njoo nikuonyeshe."

Na katika vipande vyetu vyote vitatu, unajua niliwapeleka wapi? Kile cha juu, kilicholala kuliko vyote. Babu yako alikiacha akiwa hai na Mafabi hakukigusa tangu mazishi yake. Miti ilikuwa imetupita vichwa, ndege wamo, kivuli kimo. Kaka yangu akatutangulia kifua mbele, akiipiga miti kofi mgongoni kama watoto wake. Kiswahili chake unakijua. Akasema, "Afande, angalia. Hii miti yote mimi naacha inaota. Miaka mingi, jembe haijaingia hapa. Hata mara moja."

Yule mpimaji alifurahi kweli. "Vizuri sana, mzee," akasema. "Hii ni msitu kabisa." Akatupa mkono, mimi na kaka yangu, akaandika kitu chake, na sisi tukashuka tukicheka, tumesifiwa na serikali. Jumapili nikapanda basi nikarudi Jinja kwa samaki wangu.

Rangi nyekundu ilipakwa Jumanne. Waliipaka kwenye miti ya chini ya kipande kile, si ya juu, kwa hiyo kipande chote kikaingia ndani ya hifadhi. Kaka yangu alikuwa peke yake, hakuwa na mtu wa kumsemea, na alipojaribu kusema shamba hili ni lake, wakamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba jembe halijaingia humo miaka mingi. Na jirani yetu Wandera, yule mvivu aliyelima kipande chake mpaka mawe yakatoka meno, kamba ilimpita kwa heshima. Walisema hapa panalimwa, hapa si msitu. Wandera hakupoteza hata shimo la panya. Sasa niambie wewe uliyesoma, hiyo ni akili gani? Aliyetunza amenyang'anywa, aliyeharibu amepewa haki, na sisi wenyewe ndio tuliowashika mkono wapimaji tukawapeleka mahali pa kutunyang'anyia.

Nilipomsimulia baba yako, Mungu amlaze pema, alicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi watu ya mlima," alisema, "mtu nakuja kutafuta msitu, nyinyi nampeleka kumuonyesha msitu." Wiki nzima sikumpikia kwa moyo. Lakini alisema kweli, na ukweli wenyewe ndio ulioniudhi.

Watu wa kwetu si wajinga, waliona somo upesi. Tangu mwaka ule hakuna mtu anayepumzisha kitu. Kila kipande kinachimbwa kila msimu, hata kama mtu hana mbegu, anatupa mahindi machache ili ionekane jembe limepita. Mti ukiota shambani watoto wanatumwa waung'oe kabla haujaonekana na mtu mwenye kofia. Mvua ikinyesha udongo unashuka na hakuna wa kuuzuia. Mwaka jana kipande cha Wandera kiliporomoka chote, kikaenda kuvunja jiko la watu wa chini. Wandera mwenyewe aliponea chupuchupu. Halafu mabwana wa ofisi wakaja na gari, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakasema watu hawa hawajui kutunza ardhi, wanahitaji elimu. Wakachapisha mabango.

Juzi nilipoanza kukueleza haya ulinikatiza. Ulisema, "Mama, mradi wetu ni tofauti. Sisi tunakwenda kuwasaidia wakulima wanaohamahama ndani ya hifadhi." Niliondoka nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Wanahamahama kwenda wapi, Ayikoru? Vipande vitatu, vyote unavifikia kabla chai haijapoa. Babu yako alizaliwa, akaoa na akazikwa pale pale. Aliyehamahama ni mimi, niliyefuata gwaride la baba yako kutoka gereza hadi gereza, na hakuna aliyeniletea mradi.

Ninajua utasema mama ana hasira tu. Ninayo. Ninayo juu ya ofisi, ninayo juu ya Wandera, lakini anayenikosesha usingizi hasa ni mjomba wako. Katika ukoo ule wote ni yeye peke yake aliyekataa kujifunza. Cha juu kilikwenda. Cha katikati amekilima bila kukipumzisha, kwa sababu hana kingine, na siku hizi maharage yake hayajazi hata kikapu cha mtoto. Kilichobaki ni kile cha mteremko. Na unajua amekifanyaje? Amekiacha kilale. Baada ya yote yale. Miti imefika mabegani. Ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mashamba ya watu yote mekundu, yamechimbwa, na katikati kipande kimoja cha kijani kimekaa kinawangoja wapimaji.

Nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori la vitunguu, yule anayeshusha mzigo sokoni kwetu. Nilisema, mwambie Mafabi alime, alime hata mistari miwili ya maharage mbele, ionekane. Dereva akarudi na jibu. "Anasema Nabifo analala chini yake."

Nabifo ni yule mjane uliyemkuta akikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, ulimwogopa ulipokuwa mdogo. Ndiye ambaye jiko lake lilivunjwa na udongo wa Wandera. Alikuwa kanisani, bahati yake. Nyumba anayolala iko chini ya mteremko wa Mafabi, na kinachoshika udongo ule ni mizizi ya kile kichaka, hakuna kingine. Mafabi akikichimba, mpimaji ataona shamba, na masika yatamwona Nabifo. Asipokichimba, mpimaji ataona msitu, na kaka yangu atabaki na kile kilichochoka, yeye na watoto na wajukuu. Nilikasirika siku mbili nzima kwa sababu ya jibu lile, na hasira ilipopoa nikaona sina neno la kumrudishia.

Basi nikamwambia aache. Wiki iliyofuata nikamwambia tena alime. Mara ya tatu dereva alinitazama kama mtu anayebeba barua za wendawazimu. Juzi akaniletea ujumbe wa mwisho. "Anasema dada ameshindwa, basi atamuuliza Ayikoru. Ayikoru ndiye anatembea na wale watu." Leo asubuhi nimemjibu: asiguse jembe mpaka ufike. Ndivyo mambo yalivyo. Shamba la mwisho la mjomba wako linakungoja wewe ushuke kwenye gari la ofisi na nywele zako mpya.

Nilitaka kukuandikia jibu. Nimekaa hapa mchana wote nikidhani likianza kuandikwa litajimaliza lenyewe. Halikujimaliza. Sijui kama ni haki kumwambia mtu atunze mlima kisha mlima uchukuliwe kwake kwa sababu ameutunza. Sijui kama ni haki kumwambia achimbe juu ya kitanda cha mjane. Wenye vyeo wanasema kuna njia ya tatu. Labda ipo. Kama ipo, wameificha ofisini.

Lakini kuna mambo mawili ninayoyajua, na haya sikuyasoma mahali.

La kwanza ni dogo. Ukifika usianze na Kiswahili. Najua ni lugha ya nyumba yetu, baba yako Mlugbara na mimi Mmasaba tungelala na njaa bila hiyo. Hata hapa sokoni nikiisema kwa sauti kuna wanawake wanaopunguza mazungumzo, na vita vimekwisha zamani. Mlimani ni zaidi. Askari wa hifadhi wanapomkamata mwanamke na kuni zake, wanamkamata kwa Kiswahili. Wewe utakuwa umevaa buti na koti la ofisi. Sema "mulembe", salamu yetu, kwanza, halafu ukae kimya. Nilipotaka kukufundisha Kimasaba uliniambia ni lugha ya kuchimbia viazi. Haya, sasa unakwenda kwenye viazi.

La pili ndilo lililonikalisha hapa. Baba yako alifanya kazi na wakubwa wa kila namna, na waliomchosha kuliko wote si wale wakali. Ni wale waliotoa amri getini na kwenda zao. Alikuwa akisema, "Mkubwa nasema, mdogo nafanya, halafu mkubwa nauliza kwa nini." Mimi nilikuwa namcheka, nikidhani ni mambo ya magereza. Lakini nilipokwenda nyumbani na Kiswahili changu nilikuwa mkubwa wa namna hiyo hiyo. Nilisema, nikaonyesha, nikapewa mkono, nikaondoka. Sikumdanganya mtu. Kila neno nililowaambia wale wapimaji lilikuwa kweli. Ningelirudia leo. Kosa ni kwamba maneno yangu yalibaki mlimani bila mimi, na Mafabi ndiye aliyeyalipia. Kisha nikaendelea na mchezo ule ule kwa lori la vitunguu, lima, usilime, mimi nikiwa Jinja nimekaa kivulini. Namkasirikia kaka yangu kwa ukaidi wake, mwanangu, lakini yeye anaamua akiwa amesimama juu ya udongo wenyewe.

Kwa hiyo sikuambii ujibu nini. Tembea kwanza pale. Panda mteremko, shuka kwa Nabifo, kaa kwake, tazama juu kutoka mlangoni pake. Halafu ujibu, maana ukikwepa utakuwa umemjibu vibaya kuliko sote.

Ukimwambia alime, nenda mwenyewe kwa Nabifo umwambie, usimtume mtoto. Mtafutie mahali pa kulala kabla ya masika na ubebe kitanda chake kwa mikono yako.

Ukimwambia aache, usimwambie kisha ukapanda gari kurudi Mbale kulala. Lala kwa mjomba wako. Kamba ikifika pale ikukute umesimama shambani, ndani ya kile kichaka, na koti lako la ofisi ukiwa umelivaa. Mpimaji akisema huu ni msitu, mwambie hili ni shamba la Mafabi, ameliotesha yeye, na wewe ni mpwa wake. Watakuambia hujatumwa kusema hivyo. Kweli, hujatumwa. Watakuambia unachanganya kazi na ukoo. Unachanganya. Sema tena. Useme kwa Kiingereza chao kile nilichokilipia kwa samaki, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Inawezekana wasikusikie. Inawezekana wapake rangi yao na wewe umesimama hapo. Lakini safari hii kaka yangu hatakuwa peke yake wakiipaka.

Ninakuonea fahari mpaka inaniudhi. Msichana wangu, na cheti, na mshahara, anapelekwa kwenye mlima nilioukimbia nikiwa na umri wake. Nilitaka upate kazi ya benki, ukae chini ya feni. Umechagua matope, na unayapenda, na nimekosa la kukufanya. Labda una damu ya Mafabi.

Na wakikufukuza kazi kwa kusimama mahali pale, rudi hapa mchana kweupe, upite katikati ya soko, usipite kwa nyuma. Nitakugombeza kama kawaida yangu, maana sijui namna nyingine. Kisha nitawaambia wote, Rehema na wale wanaopunguza sauti, kwamba huyu ni binti yangu, alipewa kazi ya serikali akaipoteza kwa sababu ya shamba la mjomba wake, na atakayecheka asinunue samaki kwangu tena.

Mama yako